Fundi Iko-Sawa

Titus Ndeti hakuwa mtu wa kukaa. Ukimkaribisha kiti alikishika mgongo, akakiegemea, akaongea nawe akiwa wima mpaka chai ikapoa. Kanisani makazi yake yalikuwa mlangoni. Kwenye matanga alikuwa yule mtu anayehangaika na jenereta hata kama jenereta haina shida yoyote. Mkewe, Mutanu, aliwahi kuwaambia wageni kwamba tangu waanze kuishi pamoja hajamwona akimaliza sahani ya muthokoi akiwa mahali pamoja. Wageni walicheka. Mutanu hakuwa anachekesha.

Alizaliwa Masii, akajifunza ufundi kwenye gereji moja mjini Machakos, halafu akapata kazi EPZ Athi River ya kutengeneza cherehani za kiwandani. Ilikuwa kazi nzuri, ya kivulini, na wengi waliitamani. Lakini fundi wa cherehani hukaa kwenye stuli fupi, mgongo umepinda, uso kwenye sindano, na stuli ile ilimshinda. Siku moja aliiinua, akaiweka juu ya meza ya msimamizi, akaenda zake. Baadaye akaibukia kwenye machimbo ya mawe upande wa Lukenya, kwenye kiwanda kidogo cha kusaga kokoto, na huko ndiko alikodumu. Mitambo ilikuwa mikubwa, ilikuwa imetawanyika, na fundi alilazimika kuizunguka kutwa nzima. Hapakuwa na stuli.

Alikuwa fundi mzuri, tusimnyime haki yake. Krasha, ule mtambo wa kusaga mawe, ikianza kukohoa alikuwa ameshafika na spana kabla opareta hajamwita. Ila alipomaliza, alimaliza. Mtambo ukiwaka tu, roho yake ilikuwa imeshahamia kwenye mtambo mwingine, na kumrudisha nyuma kumuuliza alifanya nini ilikuwa ni kumtesa.

Ndipo ikaja Sistimu.

Hilo ndilo jina walilolipa wafanyakazi. Ilikuwa programu ya matengenezo, ndani ya simu ya kampuni ambayo kila fundi alipewa. Mtambo ukiharibika, kazi ilifunguliwa, na jina la mtambo likawa jekundu kwenye kompyuta ya Linet, msichana wa ofisini aliyepanga matengenezo yote. Fundi alitakiwa kuandika alichokuta, alichobadilisha na kilichobaki, kisha afunge kazi. Hapo jina liligeuka kijani. Opareta hakuruhusiwa kuwasha kitu chekundu, na kitu cha kijani hakuna aliyekiuliza swali.

Titus aliandika, "Imerekebishwa. Iko sawa." Aliandika hivyo kwa mkanda, kwa kompresa, kwa pampu ya maji na kwa taa za lango. Mwishowe simu ilimzoea: akibonyeza herufi mbili za kwanza, ilimalizia yenyewe. Wenzake wakambandika jina, Fundi Iko-Sawa, naye akalipokea kwa kicheko kwa sababu hakuona ubaya wake.

Linet aliuona.

"Baba Ndanu, hii si maelezo," alimwambia siku moja, akimfuata uani kwa sababu ofisini hakai. "Giaboksi ilikuwa inavuja wapi? Uliweka sili gani?"

"Si unaona inafanya kazi?"

"Naona. Lakini nikitaka kujua ulifanya nini?"

"Uniulize."

"Na kama hauko?"

"Linet, mimi nitaenda wapi?" alisema Titus, na kufikia hapo alikuwa ameshampa mgongo.

Msidhani mambo yalikuwa yanapotea. Yalikuwa yanapitia mdomoni. Kila alipotengeneza kitu kikabaki na kasoro, Titus alimtafuta mtu anayekitumia akamwambia ana kwa ana: usiguse hapa, ukisikia hivi uzime, hii nitaimalizia Jumatatu. Ndivyo mafundi wote wa pale walivyofanya. Ya kweli waliambiana kwa mdomo, na Sistimu wakaipa kitu cha kuinyamazisha.

Aliyeambiwa mengi kuliko wote alikuwa Kiema. Huyu alisimamia mkanda wa pili, ule unaopandisha mawe kuyapeleka kwenye krasha kubwa, na kazi yake ilikuwa kuondoa mawe yanayokwama kando ya roli, yale magurudumu yanayouzungusha mkanda. Kandokando ya mkanda ilipita kamba ya dharura. Ukiivuta, mkanda unazima. Iliwekwa kwa ajili ya siku ya balaa, lakini swichi ya kawaida ilikuwa mbali, kibandani kwa opareta, kwa hiyo Kiema aliivuta kamba kila jiwe lilipokwama. Alivuta kwa mkono wa kushoto, na kabla mkanda haujasimama vizuri mkono wa kulia ulikuwa umeshaingia. Alikuwa anafanya hivyo huku akipiga mluzi.

"Siku moja utaacha huo mkono hapo," Titus alimwambia mara nyingi.

"Si wewe ndio fundi?" Kiema alimjibu. "Kamba yako haijawahi kuniangusha."

Sasa tuje kwenye Jumamosi moja.

Titus alimwoa Mutanu kwa njia ya haraka, kama alivyofanya kila kitu. Walikutana, wakahamia pamoja Athi River, wakapata mtoto. Mbuzi wa ntheo, wale ambao Mkamba asipowapeleka kwa wakwe mke huhesabiwa bado ni wa babake, Titus alisema atawapeleka mwezi ujao. Mwezi ujao ukawa mwaka ujao. Alimwambia Mutanu asiwe na wasiwasi, mambo yao yako sawa. Kisha binti yao, Ndanu, akapata mchumba, na watu wa mchumba wakataka kuja na mbuzi wao. Babake Mutanu, Mzee Wathome wa Kivaa, akatuma neno fupi: hakuna mbuzi wa Ndanu watakaopokelewa mahali popote kabla wa mamake hawajafika kwake. Siku ikapangwa, ndiyo hiyo Jumamosi. Safari hii Mutanu hakucheka wala kulia, alisema tu kwamba Titus asipotokea, yeye atabaki huko huko Kivaa.

Asubuhi hiyo Titus alipitia kazini, eti kwa dakika chache. Swichi ya kamba ya dharura ilikuwa inazima mkanda ovyo. Aliifungua akakuta vumbi la mawe limejaa, na springi ndani imekatika. Springi nyingine haikuwepo stoo. Ili ajaribu mota, alichukua nyaya mbili za swichi akaziunganisha moja kwa moja, dairekti kama mafundi wanavyosema. Mota ikazunguka vizuri. Lakini nyaya zikiwa hivyo, kamba ile hata ungeivuta mpaka ikatike, mkanda usingesimama.

Alikusudia kuzitenganisha. Kisha simu yake ikalia, Mutanu, akisema pikapu yenye mbuzi iko barabarani na dereva amechoka kungoja. Titus akafikiri: akiacha kazi wazi, mkanda utabaki mwekundu, Linet atamwita ofisini aandike kwa nini anaondoka, na malori ya kokoto yamejipanga langoni. Afadhali amwambie Kiema asiitegemee ile kamba, azime kutoka kibandani. Akabonyeza herufi mbili. Simu ikamalizia. Mkanda wa pili ukawa kijani.

Alikwenda kumtafuta Kiema, akaambiwa ameenda chai. Alichungulia kibanda cha chai, hakumwona. Simu ikalia tena. Titus akavua ovaroli akitembea.

Njia nzima mpaka Kivaa aliongea na dereva kuhusu injini. Nashindwa kueleza mtu anasahauje jambo kama hilo, ila nimewajua watu wa namna yake: jambo wakishalifunga, linafungwa na kichwani pia.

Kwa Mzee Wathome viti vilikuwa vimepangwa chini ya turubai. Titus alikalishwa kwenye kiti cha plastiki katikati ya wazee, suti imembana mabega, na Mutanu alipita nyuma yake akamnong'oneza, "Leo ukae. Nakuomba tu hiyo moja. Ukae."

Alikaa. Goti lake likawa linacheza. Mzee Wathome alikuwa mtu mkavu, na alikuwa na maneno ambayo ameyalimbikiza tangu Ndanu akiwa mtoto, kwa hiyo aliyatoa bila haraka. Titus aliyasikiliza akitazama huku na huku, bomba la maji linalodondoka, bati lililolegea, kila kitu kilichohitaji mtu wa kusimama. Alijisikia kama amefungwa.

Shemeji yake, Musili, aliamriwa amlete beberu wa kuchinjwa. Beberu alikuwa amefungwa nyuma ya boma, kamba yake ndefu imepita kwenye nyasi mpaka mbele. Musili, kwa uvivu, hakwenda nyuma. Alishika kamba akaivuta. Ikaja. Akavuta tena, ikaja kirahisi zaidi, mpaka ncha ikatokea kwenye nyasi ikiwa tupu. Beberu alikuwa ameshachomoka zamani na alikuwa anakula mbaazi za mama mkwe. Watu wakaangua kicheko.

Titus hakucheka. Aliiona ile kamba ikivutwa na hakuna kitu mwishoni mwake, na aliuona mkono wa kulia wa Kiema ukiingia.

Akasimama.

"Aiya!" alisema Mzee Wathome. "Mkwe, kiti kina siafu?"

Kicheko kikarudi upya. Mutanu alimtazama kutoka kwa akina mama, na macho yake yalisema yale yale: ukae. Titus akakaa. Alitoa simu: hakuna mtandao hata kidogo. Alijaribu kuhesabu malori, chakula cha mchana, saa ya kuwasha, kwani Jumamosi mitambo huwashwa baada ya chakula. Kiema atakula, atapiga soga, labda mawe yatapita vizuri leo, labda hakuna litakalokwama. Lakini siku gani lilikosa kukwama? Akasimama tena.

"Titus," alisema mzee, na sasa hakuwa anatania. "Umetungojesha mpaka huyu mtoto wako amekua wa kuolewa. Leo pia unaenda?"

"Baba, nisamehe. Kuna mtu kazini."

"Kuna mtu hapa pia."

"Kuna mtu ataumia." Ilikuwa vigumu kusema mbele ya wazee wale, mbele ya wakwe, siku ile. "Nimeacha mashine vibaya. Nikaandika iko sawa. Haiko sawa. Kuna mtu ataweka mkono ndani kwa sababu yangu mimi."

Musili, bado ameshika kamba yake tupu, alionyesha kwa kidevu. "Network iko juu kule kwa tangi. Panda na hii njia ya ng'ombe."

Titus alikimbia. Viatu vya sherehe viliteleza kwenye changarawe, akaanguka, akainuka na goti la suruali limepasuka. Huku nyuma alisikia mzee akiuliza nani amemruhusu, na hakusikia Mutanu akijibu.

Kwenye tangi simu ilipata mtandao. Alifungua Sistimu aifungue kazi upya, na kiduara kikazunguka, kikazunguka. Akaacha. Akampigia Kiema, akaambiwa hapatikani, na hapo akakumbuka kwamba simu za wafanyakazi hufungiwa kabatini wakati mitambo inafanya kazi. Maana yake mitambo inafanya kazi. Alimpigia Linet.

"Linet, mkanda wa pili usiwashwe!"

"Ni nani?"

"Titus! Usiwashwe!"

"Umeshawashwa, Baba Ndanu. Ni kijani. Wewe ndio umefunga asubuhi."

"Nimeweka dairekti. Ile kamba haizimi kitu. Kiema hajui."

"Umeandika iko sawa."

"Naandika hivyo kila siku!"

"Najua unaandika hivyo kila siku," alisema Linet, na Titus akasikia kiti kikianguka.

Hakukata simu. Titus alisikia mlango, akasikia viatu vyake kwenye kokoto, kisha pumzi zake, kisha ngurumo ya krasha ikikaribia mpaka ikammeza. Kuna mtu alikuwa anapiga kelele na hakujua ni nani. Yeye mwenyewe alikuwa anaita, "Kiema! Kiema!" juu ya mlima wa Kivaa, na watu chini kwenye turubai walikuwa wameinua nyuso. Aliogopa jinsi ambavyo hajawahi kuogopa. Alitaka kutembea, na hakukuwa na pa kwenda ila kulizunguka tangi, akalizunguka.

Kisha ngurumo ikashuka. Aliijua sauti ile vizuri: mkanda kwanza, halafu krasha ikizunguka bila kitu tumboni, halafu upepo tu. Alisikia watu wakikimbia. Aliita Linet, Linet hakujibu. Alimwomba Mungu kwa Kikamba, maneno ya utotoni ambayo hakujua bado anayo.

"Ndeti."

Ilikuwa sauti ya Kiema.

"Kiema! Mkono?"

"Glavu imeenda."

"Nauliza mkono!"

"Glavu ndio imeenda. Mkono nilitoa." Kiema alikuwa anahema. "Nilivuta, Ndeti. Nikavuta tena nikadhani ni mimi sijavuta. Mkono ukiwa ndani. Nilikuwa navuta tu."

Titus alishika tangi kwa kiganja. "Nilikutafuta nikwambie. Ulikuwa umeenda chai."

"Nilikuwa choo," alisema Kiema. Halafu, taratibu, kwa sauti ya mtu ambaye naye hajawahi kuijali Sistimu hata siku moja: "Si ungeandika."

Linet alichukua simu.

"Nimefungua hiyo kazi. Iko nyekundu. Sasa niambie kitu kingine. Mkanda wa kwanza umeandika iko sawa. Krasha kubwa, iko sawa. Kompresa, iko sawa. Watu wako hapa wananiangalia. Nizime gani na niache gani?"

"Hizo..." alianza Titus, na neno likawa tayari mdomoni, limeshamaliziwa. Akalimeza. Kompresa ilikuwa na vali aliyoikaza kwa muda, akamwambia nani? Mkanda wa kwanza una gadi, ile kinga ya chuma, aliyoifunga kwa waya. Au ulikuwa ule wa tatu? Aliitafuta kumbukumbu na kila mahali alipofungua alikuta maneno yale yale.

"Sijui," alisema.

"Basi nazima zote," alisema Linet.

Simu ikakatika. Titus alikaa juu ya jiwe kando ya tangi, suti na vumbi, na akaifungua ile kazi. Alibonyeza herufi mbili na simu ikamalizia yenyewe. Akafuta. Ikamalizia tena. Akafuta tena, na safari hii akaandika pole pole, neno kwa neno: swichi ya kamba ya dharura mkanda wa pili imekatika springi ndani. Nimeunganisha nyaya dairekti. Kamba haizimi mkanda. Nilifunga kazi kabla sijamaliza. Mtu asiweke mkono. Akasoma tangu mwanzo. Hakuifunga.

Aliposhuka, moshi wa nyama ulikuwa umeshapanda. Hakuna aliyemtania. Mzee Wathome alikitazama kiti cha plastiki, akamtazama yeye, akageuza uso kuendelea na mazungumzo na jirani yake. Titus akakaa. Alikaa wakati wa nyama, akakaa wakati wa maombi, akakaa hata wazee wenyewe waliposimama kunyoosha miguu, mpaka Musili akaanza kumwogopa. Ni kichwa tu ambacho hakikukaa. Kilikuwa kinazunguka machimbo yale, mtambo mmoja baada ya mwingine, kikiuliza, na huu? Na huu niliuacha vipi?

Mutanu alimletea sahani. Aliona suruali iliyopasuka, akaona mikono. Akachutama kando ya kiti, akamuuliza kwa sauti ya chini ile ambayo ni ya wao wawili tu.

"Iko sawa?"

Titus alifungua mdomo, na neno ambalo halijawahi kumkosa maishani mwake likakataa kutoka.

"Kiema ako na mkono wake," alisema. "Hiyo tu ndio najua."